Kimya cha Mwenye Kamba

Kwetu Mkata, panya buku ni mwizi. Nasema Mkata ya Handeni, ile ya barabara ya Chalinze kwenda Segera, mabasi yanaposimama na vijana wakakimbilia madirishani na machungwa. Mkata ya Kilosa, kule jirani na Mikumi, ina habari zake. Huyu mwizi wetu huja usiku. Ana mifuko ndani ya mashavu, na akishaijaza mahindi kichwa chake hutuna kama cha mtoto mwenye matubwitubwi. Huyabeba mpaka shimoni, huyamwaga ghalani mwake, kisha hurudi kuchukua mengine. Mkulima aliyelala akihesabu magunia huamka akihesabu mabua.

Mjomba wangu alipambana naye kwa mbwa. Mbwa huyo alikuwa jike mwembamba, rangi ya udongo, sikio moja limekatika ncha. Majirani walipomwona bado kinda walimwambia mjomba kwamba hapo hana mbwa, ana mdomo wa kulisha tu. Akajibu, "Tutaona," na jina likabaki hilo hilo: Tutaona.

Miezi mingi mjomba hakumpeleka Tutaona shambani usiku hata mara moja. Kila jioni alichukua ngozi kavu ya panya buku, akaifunga kwenye kamba ya katani, akaiburuta majanini hatua ishirini na kuificha chini ya kichaka, ndipo akamfungulia mbwa. Mwanzoni alichagua upande ambao upepo ulitoka kwenye ngozi ukaja puani mwa mbwa. Baadaye akaongeza hatua, akatia kona, akaivusha ngozi kwenye njia ya mbuzi ambako harufu zinagombana. Kisha akaanza kuiacha njia ipoe, nusu saa, saa nzima, kabla ya kumwachia. Tutaona akiifikia ngozi alipewa donge la ugali lenye mchuzi wa dagaa pale pale, kabla hajageuza kichwa. Ugali huo mjomba aliubeba mfukoni mwa kaptula, na mkewe aliyachoka madoa yake.

Halafu siku moja kamba akanipa mimi. Nilikuwa na miaka tisa au kumi. Akaniambia niburute ngozi nitakakotaka, niifiche nitakapoona panafaa, nisimwambie.

"Mjomba, sasa utamwonyesha vipi?"

"Nisipojua mimi, ndiyo nitajua kama anajua yeye."

Akanikataza pia kufuatana nao. Alisema mbwa atanisoma usoni. Nikapanda mwembe, nikakaa kwenye tagaa la juu, nikawatazama kutoka huko. Nilichokiona nitakirudia baadaye, maana miaka mingi sikukielewa. Nilikuja kukielewa Morogoro, nilipomkuta yule mwizi wa mahindi yetu akisomeshwa.

Shirika linalomsomesha, APOPO, lilianzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na Bart Weetjens, mbunifu wa bidhaa aliyefuga panya tangu utoto wake. Mwaka 2000 likahamia Morogoro kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na tangu hapo panya buku wa Tanzania wamekuwa wakifundishwa kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Sababu za kumchagua yeye zinaeleweka hata kwa mkulima anayemchukia. Haoni vizuri, maisha yake yote anayaendesha kwa pua. Mkubwa wao huwa na uzito wa kilo moja na kidogo, na mabomu mengi ya kutegea watu yanahitaji kilo tano hivi kulipuka, kwa hiyo anatembea juu yake salama. Akitunzwa huishi hata miaka minane, hivyo mwaka mmoja wa kumsomesha haupotei. Ni mzaliwa wa nchi hizi na amezoea maradhi yake. Kuna tofauti moja na mbwa ambayo mwanzoni ilinisikitisha: panya hajifungi kwa mtu mmoja. Tutaona hakumtii mwingine yeyote zaidi ya mjomba. Panya buku akizoea binadamu amewazoea wote, na anaweza kusafirishwa Kambodia akafanya kazi na watu ambao hajawahi kuwanusa. Kwa kazi hii, hilo ni jambo jema.

Masomo huanza mapema mno. Akiwa na wiki tano hivi, kinda huanza kutolewa kwa mama yake kwa vipindi ili azoee dunia: mikono ya watu, majani yenye umande, redio, ngurumo ya gari. Huwekwa begani, huzungushwa nje, hurudishwa kwa mama. Anayepita anaweza kudhani ni mchezo. Lakini panya anayeogopa majani hatanusa kitu juu ya majani, na hofu iliyoachwa katika wiki hizo huja kudai deni lake uwanjani.

Baada ya hapo huja mlio. Mkufunzi hushika kidude kidogo cha kubonyeza, kikibonyezwa hulia "tik", na mlio huo hufuatwa na chakula: ndizi iliyopondwa pamoja na chakula cha panya, ikisukumwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Tik, chakula. Tik, chakula. Siku si nyingi panya anaujua mlio kama mtoto wa Mkata anavyoijua honi ya basi. Kuanzia hapo mlio ni ahadi, nao unaweza kufika mahali ambapo chakula hakifiki kwa wakati.

Sasa huwekwa mbele ya tundu lenye harufu ya TNT, baruti iliyomo ndani ya mabomu mengi. Akipitisha pua tu, tik. Kesho lazima aisimamishe pua kidogo zaidi ndipo asikie mlio, na keshokutwa zaidi, mpaka afikie sekunde kadhaa bila kuondoka. Kisha matundu huwa mengi, moja lina TNT na mengine yana harufu za kumpoteza, naye huchagua. Likifuata sanduku la mchanga, baruti hufichwa ndani ya kichujio cha chai cha bati chenye umbo la yai, kikafukiwa. Sasa panya lazima aseme kwa kitendo kile alichokuwa akikisema kwa pua: hukwaruza udongo kwa makucha ya mbele. Kitendo hicho hakufundishwa na mtu. Ndicho anachokifanya shimoni kwake, na wakufunzi wamekiazima.

Kutoka mchangani hupelekwa uwanjani, kwenye udongo wenyewe, penye mabomu halisi ambayo hayawezi tena kulipuka. Hapo huvishwa mkanda kifuani na kuunganishwa na kamba iliyonyooshwa chinichini kati ya watu wawili waliosimama pande mbili za eneo. Panya hutembea kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Akifika, wote wawili wanasogea nusu meta, naye anarudi. Hivyo hivyo, mstari kwa mstari, kama mtu anayelima matuta. Mwanzo huwa kieneo kidogo, bomu liko karibu na juu. Kisha eneo linapanuliwa, mabomu yanaenda chini zaidi, na vitu vya kumdanganya vinaongezwa.

Kazi huanza alfajiri, kwa kuwa panya buku ni mnyama wa usiku na jua la Morogoro likishapanda juu ya milima ya Uluguru halimfai. Hata hivyo masikio na mkia hupakwa mafuta ya kuzuia jua. Wanafanya kazi muda mfupi, kila mmoja kwa zamu yake, kisha hurudi bandani. Nimewahi kuwasikia watu wakicheka habari ya panya kupakwa mafuta. Mimi niliiheshimu zaidi kuliko yote. Anayekumbuka sikio la panya saa kumi na mbili asubuhi atakumbuka na mengine.

Nimeeleza habari za panya mpaka hapa kana kwamba ndiye mwanafunzi peke yake. Uwanjani, baada ya robo saa tu, macho yangu yalimwacha yakahamia kwa watu.

Tazama kidole gumba kilicho juu ya kidude. Mlio ukija panya akiwa bado ameshika pua pale pale, umesifu kushika. Ukichelewa kwa kupepesa jicho, naye ameshaanza kuinua kichwa, umesifu kuinua kichwa, na kesho atainua mapema zaidi. Mnyama hana namna ya kujua ulikusudia nini, anajua ulichofanya. Mkufunzi mgeni hujifunza hili kwa uchungu, kwani kosa lake halionekani siku hiyo. Huonekana baada ya wiki mbili, panya akiwa na tabia ambayo hakuna anayekumbuka kumfundisha, na ikabidi kurudi nyuma hatua tatu kwenda kuifumua. Kwa hiyo gumba la mkufunzi mzoefu halina papara wala usingizi. Limekaa tu, kama mshale wa mvuvi wa samaki wa maji ya kina kifupi.

Tazama na mkono wa kamba. Kamba inasema. Ikikazwa kidogo mbele ya mahali fulani, panya ataambiwa "hapa" na mtu ambaye hakutaka kusema. Ikilegezwa ghafla, vivyo hivyo. Hata mguu unaosita kabla ya kusogea nusu meta yake unaweza kuwa neno. Watu wawili wanaofanya kazi hii vizuri husogea kwa mwendo ule ule mahali penye bomu na mahali pasipo na kitu, na kuuona mwendo huo ni kama kusikiliza ngoma isiyopotea mapigo.

Wajerumani walilipata somo hili kwa farasi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, huko Berlin, Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aliyeitwa Hans, aliyejibu hesabu kwa kupiga kwato chini. Mwaka 1904 wataalamu walimchunguza wasione ulaghai wowote, na kweli haukuwapo. Ni Oskar Pfungst, katika taarifa yake ya mwaka 1907, aliyeonyesha kilichokuwa kikitendeka: farasi aliwasoma waulizaji. Walipokaribia jibu sahihi miili yao ilibadilika kidogo mno, naye akaacha kupiga. Muulizaji asipolijua jibu, Hans naye hakulijua. Von Osten hakuwa mwongo. Mwili wake tu ulimsemea.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mjomba ambaye hakuwahi kufika Berlin wala kumsikia Pfungst, akinikataza kufuatana na mbwa kwa sababu ya uso wangu.

Ndiyo maana mtihani wa panya buku umewekwa ulivyowekwa. Eneo ni meta za mraba 400. Mabomu yamefukiwa, na ramani yake iko kwa mtu mwingine. Wawili wanaoshika kamba hawajui lolote: hawajui yako mangapi, wala yako wapi. Panya anapaswa kuyapata yote, asikose hata moja, na asikwaruze ovyo mahali patupu zaidi ya mara chache zilizoruhusiwa. Tisa kati ya kumi shuleni ni alama ya kujivunia. Hapa tisa kati ya kumi ni mguu wa mtoto.

Mpaka kufika siku hiyo imepita kama miezi tisa, pengine zaidi, na katika miezi hiyo yote panya amezoea kwamba akisema kweli husikia mlio. Siku ya mtihani nani atabonyeza? Mwenye kidude hajui kama panya amepatia. Na hivi ndivyo itakavyokuwa huko aendako, katika shamba la mabomu ya kweli. Hapo hawezi kulipwa papo hapo, kwa kuwa hakuna ajuaye kilicho chini mpaka mteguaji afike na vifaa vyake. Ukimlipa kwa kila akwaruzapo, umemfundisha kukwaruza. Basi kazi ngumu kuliko zote ni kumwandaa aendelee kusema kweli mbele ya watu wasiomjibu, na kuchanganya kazi hiyo na mazoezi ya sehemu zinazojulikana, ambako mlio unamrudia na imani yake haikauki.

Mkufunzi naye huandaliwa kwa kimya hicho hicho. Amemlea huyu tangu wiki yake ya tano, amembeba begani. Sasa anamwona akipita mahali, akipunguza mwendo, akinusa, akiendelea. Je, amekosa? Hapana ruhusa ya kumrudisha kwa sababu ya wasiwasi. Anasogea nusu meta.

Nchini Marekani wapo watu wanaowafundisha mbwa kuokota ndege waliopigwa risasi na kuwaleta mkononi, nao wana mitihani yao rasmi tangu miaka ya 1980. Katika ngazi ya kwanza mbwa hurushiwa ndege wanne, mmoja mmoja, wawili nchi kavu na wawili majini, na waamuzi hutoa alama kutoka sifuri hadi kumi: anakumbuka ndege ameangukia wapi, anavumilia kumtafuta, ana moyo wa kazi, anafundishika. Nikisoma jinsi watu hao wanavyojiandaa naona wanahangaika zaidi na nafsi zao kuliko na mbwa. Wanajizuia kupiga kelele, kukimbilia mbele, kumwita mbwa ambaye bado anatafuta. Kati ya ukingo wa bwawa huko na uwanja wa Morogoro kuna bahari nzima, na ugonjwa ni mmoja.

Mwaka 2004 panya 11 kutoka Morogoro walifaulu nchini Msumbiji mtihani unaofuata viwango vya kimataifa, wakawa wa kwanza kupewa kibali. Septemba 2015 Msumbiji ilitangaza kwamba imemaliza mashamba yake yote ya mabomu yaliyojulikana. Watu wengi na mashine nyingi walihusika, panya wakiwa sehemu ya kazi hiyo. Panya mmoja huchunguza eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa nusu saa. Mtu mwenye mashine ya kutambua vyuma anaweza kuchukua hadi siku nne, kwa sababu mashine humsimamisha kwenye kila msumari na kila kifuniko cha chupa, wakati panya hajali chuma. Magawa, aliyezaliwa Novemba 2013, alipelekwa Kambodia mwaka 2016 na kugundua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimpa nishani ya dhahabu, na hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Alikufa Januari 2022. Baada yake Ronin, naye mzaliwa wa Tanzania, aliandikwa mwaka 2025 na Guinness World Records kwa kugundua mabomu ya ardhini 109. Wengine hubaki nyumbani, wakinusa makohozi kutafuta kifua kikuu, sampuli mia kwa dakika zisizozidi ishirini.

Habari za Magawa zilipofika kwetu, watu walimsifu panya, na alistahili. Mimi niliwaza mikono iliyoshika kamba yake asubuhi za mwanzo huko Morogoro, na mara ngapi ilitaka kuikaza isiikaze.

Sasa nirudi juu ya mwembe.

Nilikuwa mtoto mtundu na nilikusudia kumshinda mbwa. Niliiburuta ngozi kupita nyuma ya choo, nikazunguka tuta la mihogo, nikashuka kwenye kijito kilichokauka. Pale katikati ya mchanga nikaiinua, nikarudi nyuma kwa kukanyaga nyayo zangu mwenyewe, kisha nikairusha ngozi kwa nguvu zangu zote ng'ambo ya pili, ikaangukia ndani ya kichaka cha miiba. Nikapanda mwembe nikisubiri mjomba aaibike.

Tutaona alikuja mbio mpaka katikati ya mchanga, akasimama. Harufu ilikuwa imekwisha. Akazunguka, akarudi alikotoka, akaja tena. Akainua kichwa akamtazama mjomba. Kutoka juu niliona vizuri: mjomba alikuwa ametazama miguu yake mwenyewe, mikono nyuma, kamba ya mbwa imelegea mchangani. Hakusema neno. Tutaona akazunguka tena, duara pana zaidi, akapanda ukingo wa huku, akashuka. Jua lilikuwa likielekea kuzama na kanga walikuwa wakilia upande wa barabara. Nikaanza kuona huruma, nikataka kupiga kelele kwamba ipo kule, kule kichakani, nikashika mdomo wangu kwa mkono.

Upepo ukageuka kidogo. Mbwa akasimama, pua juu, akavuka mchanga taratibu, akapanda ukingo wa pili na kuingia miibani. Mjomba akafuata kwa mwendo ule ule aliokuja nao. Majani yakatikisika, kisha nikasikia makucha yakichimba, na hapo ndipo mkono wa mjomba ulipoingia mfukoni.